Nilifika Malava Bila Kilio

Niliondoka Nairobi Jumatatu asubuhi kwa sababu nyanya yangu alikuwa amezikwa Jumamosi, nami sikuwapo. Sikuwa ng'ambo, wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa Limuru, mwendo wa saa moja kutoka chumba ninachoishi, ndani ya nyumba ya mawe iliyozungukwa na mashamba ya chai, nikijifunza kunyamaza.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikifanya yoga. Nilianza wakati riwaya yangu ilipokwama na mkono ukawa unatetemeka kila nikishika kalamu. Mwalimu wetu, mwanamke mpole asiyeinua sauti, alitufundisha kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Alitufundisha kukaa ndani ya mkao unaouma bila kuukimbia. Akatuambia kwamba tunayojifunza juu ya mkeka tuyabebe tukitoka, tuyapeleke ofisini, sokoni, na kwa watu tunaoishi nao. Nikayabeba. Nikaanza kujibu wahariri bila hasira. Nikaachana na mwanamume niliyempenda bila kumwaga chozi, tukapeana mikono kama watu waliomaliza mkutano. Marafiki wakanisifu: Nanzala, umetulia siku hizi. Sifa hiyo niliipenda kuliko nilivyokuwa nikiwapenda wao.

Halafu zikaja siku kumi za ukimya kule Limuru. Alhamisi jioni kila mmoja wetu aliweka simu yake ndani ya kikapu. Alasiri ya siku hiyohiyo Senje alikuwa ameniandikia. Senje ni shangazi, dada ya marehemu baba yangu, na jina lake ni Perisi. Aliandika: "Kukhu amelazwa. Anakuulizia." Kukhu ni nyanya. Niliusoma ujumbe huo. Nikajiambia ni kile kifua chake kinachomsumbua kila mvua zikianza. Nikajiambia nitampigia nikitoka, nikiwa nimetulia zaidi. Nikaitumbukiza simu kikapuni.

Alikufa Jumamosi iliyofuata. Jumamosi ya pili, saa zile walizokuwa wakimteremsha kaburini, mimi nilikuwa nimelala chali juu ya mkeka, viganja vikitazama dari, macho nimefumba, katika mkao ule ambao hufunga kila kipindi. Unaitwa mkao wa maiti.

Simu nilirudishiwa Jumapili adhuhuri.

Kwetu, baada ya mazishi, watu huweka siku ya kunyoa. Watu wa nyumba ile huketi uani, wembe ukapita kichwani mwa mmoja baada ya mwingine, na hapo matanga huwa yamevunjika. Aliyenyolewa amehesabiwa kuwa amefiwa. Siku hiyo iliwekwa Jumatano. Kukhu alinilea tangu nilipokuwa na miaka minne, baba alipokufa na mama akaolewa kwingine, na sikuwa na njia nyingine ya kusema kwamba nilikuwa wake. Nilitaka kichwa changu kinyolewe pamoja na vya watoto wake. Hilo ndilo lililonipandisha basi.

Jumatatu, saa kumi na moja jioni, Kakamega. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na mji ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nilipokewa na Mideva, rafiki yangu tangu chuo, ambaye sasa ni karani katika ofisi moja ya serikali. Yeye naye hufanya yoga. Amekusanya wanawake watano, na kila Jumatatu wanakodi ukumbi nyuma ya kanisa. Akanivuta moja kwa moja kutoka stendi hadi huko, na begi langu mgongoni.

Mlinzi wa kanisa, mzee wa kofia ya sufu, alikuwa amesimama mlangoni akitazama mikeka ikikunjuliwa.

"Mwalimu," alimwambia Mideva, "leo nataka kuuliza. Mkilalanga hapo chini namna hiyo, mnaomba nani?"

"Hatuombi mtu, Baba. Tunanyoosha mgongo."

"Mgongo wa mama yangu ulinyooshwa na jembe."

"Ndiyo maana alikufa amepinda, Baba."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akakaa kwenye kiti chake cha plastiki na kutulinda dhidi ya kitu alichokijua yeye. Mimi nilifanya mazoezi yote bila kukosea. Pumzi yangu ilikwenda kama saa ya ukutani. Tulipolala chali mwishoni, nilishindwa kufumba macho. Nikahesabu mabati.

Nyumbani kwake, mbele ya sahani za obusuma, ugali wetu, na mboga ya kunde, Mideva alininawisha mikono.

"Kesho ukifika, utalia?" akauliza.

"Sijui."

"Sikuulizi kama utasikia uchungu. Nakuuliza kama utalia. Uanzie njiani, kabla ya geti, wakusikie. Umekosa mazishi, Nanzala. Hiyo ndiyo hodi yako."

"Siwezi kuigiza."

"Nani amesema uigize?"

"Mideva, mimi nimefanya kazi miaka miwili ili nisibebwe na kila wimbi. Nitaenda nikiwa nimetulia. Nitasema ukweli. Wataona."

Akaondoa sahani mezani. "Haya," akasema. "Lakini usiwapelekee hiyo sura ya mkeka. Watu wametoka kuzika."

Jumanne asubuhi. Barabara ya kwenda Webuye huufuata ukingo wa msitu wa Kakamega. Nilimwomba dereva wa matatu aniteremshe kwenye njia panda ya Buyangu, nami nikaingia kwa miguu. Nilijidanganya kwamba nataka kujiandaa. Ukweli ni kwamba niliogopa, na msitu ulikuwa mahali pa heshima pa kuogopea.

Ndani kulikuwa na giza la kijani na unyevu uliopanda kutoka ardhini kupitia soli za viatu. Miti mikubwa ilikuwa ikidondosha mvua ya jana. Mahali fulani juu, mbega walikuwa wakinguruma, na sauti yao ilikuwa kama mtu anayeburuta kabati kwenye sakafu ya mbao. Mwongozaji niliyepewa langoni mwa msitu, mwanamke wa umri wangu mwenye buti za mpira, alinionyesha mti mmoja uliozungukwa na mwingine. Mizizi ya ule wa pili ilikuwa imeshuka kutoka juu, ikaungana, ikawa kuta.

"Wa ndani ulikufa zamani," alisema. "Ukiingiza mkono hapa, ni uwazi tu."

"Na huu wa nje?"

"Huu ni mzima. Wageni wanaupendanga sana. Wanapiganga picha."

Nikaingiza mkono. Kulikuwa na baridi na harufu ya uyoga. Kisha nikakaa juu ya gogo, nikafunga macho, nikapumua nne na sita, nne na sita, hadi hofu ikashuka chini ya kifua na kulala kama mbwa aliyekemewa. Mwongozaji alisubiri kando. Nilipofumbua macho akaniuliza kama nilikuwa nikisali. Nikasema hapana. Akaniuliza kama niko sawa. Nikasema, "Niko sawa kabisa."

Saa saba mchana, Malava, na kutoka Malava pikipiki hadi kwetu. Kila upande miwa ilikuwa imesimama mirefu na ya kijivu. Trekta ilikuwa imepita mbele yetu, na miwa iliyoanguka kutoka kwenye tela lake ilikuwa imepondwa barabarani, ikitoa harufu tamu iliyokaribia kuoza. Mwenye pikipiki alikuwa akiongea kuhusu bei ya petroli. Tulipokaribia alipunguza mwendo na kugeuza kichwa.

"Hapa ndipo kulikuwa na matanga. Nikuache mbali kidogo?"

Alinijua ni mtu wa nini. Alikuwa akinipa hatua chache za kuingia nikilia.

"Nifikishe getini," nikamwambia.

Turubai lilikuwa limeshaondolewa, lakini nyasi zilikuwa zimelala chini na kubaki njano pale lilipokuwa. Kando ya nyumba, udongo mwekundu ulikuwa umeinuka. Watu kama kumi walikuwa uani. Niliingia nikiwa nimenyoosha mgongo, mabega chini, uso umelegea kama nilivyofundishwa. Nikasema, "Mulembe."

Hiyo ni salamu yetu, na maana yake ni amani. Ilianguka katikati ya ua ule na hakuna aliyeiokota.

Senje Perisi alikuwa ameinama juu ya beseni. Aliinuka polepole, mikono ikidondosha maji, kitambaa cheusi kimefungwa kiunoni. Alikuwa amekonda. Alinitazama usoni, akatafuta kitu huko, akakikosa.

"Umeingia kama mtu wa sensa," alisema.

"Senje, pole."

"Pole?" Akawageukia wengine. "Mmesikia? Amenipa pole. Yeye ananipa mimi."

Binamu yangu Shikuku, mwanawe mkubwa, mtu mnene mwenye upara, alijaribu kuokoa mambo. "Mama, mwache kwanza anywe chai. Labda analia kwa ndani. Siku hizi Nairobi wanalianga kwa ndani, ili wasisumbue majirani."

Mmoja akacheka, akajizuia. Nami, nikiwa nimesimama mbele ya kaburi la mwanamke aliyenibeba mgongoni, nilihisi kitu kikipanda kutoka tumboni, kizito, chenye makali. Kilifika kooni. Na kabla sijakiamuru lolote, mwili wangu ukavuta pumzi kwa hesabu ya nne, ukaitoa kwa sita, na kile kitu kikashuka. Nilikitafuta tena. Hakikuwapo. Nilikuwa nimejifunza vizuri mno.

Alasiri. Baada ya mazishi kuna kazi ambayo hakuna anayeisimulia: kurudisha vyombo. Kijiji kizima kilikuwa kimeazimisha sahani, vikombe na sufuria, na kila nyumba ina alama yake chini ya chombo, tone la rangi ya kucha, herufi iliyokwaruzwa kwa msumari, uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe. Senje alikaa chini kwenye turubai kuukuu, akaanza kuvipanga. Hakuniita. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, nikakaa juu ya visigino, nikachukua kikombe na kukigeuza.

"Hicho ni cha kwa Ayuma," alisema bila kunitazama. "Rangi ya kucha ya waridi."

Tukapanga kwa muda.

"Senje," nikasema, "niambie alivyokufa."

"Ili uandike?"

"Ili nijue."

Akageuza sahani, akaitazama chini, akaiweka.

"Alhamisi nilikuandikia. Nikaona zile tiki mbili zimegeuka buluu. Nikamwambia, Mama, Nanzala amesoma. Akafurahi. Akaniambia nimfunge kitambaa kichwani vizuri, kwa sababu unakuja."

Nilikuwa nimewaza kwamba hilo ni siri yangu. Njia yote kutoka Nairobi nilikuwa nimejiandaa kusema simu ilikuwa mbali.

"Ijumaa akaniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa tano. Akasema, basi la asubuhi bado halijafika. Jioni akaniuliza tena. Nikakupigia. Simu imezimwa. Nikamwambia uko njiani, ni mtandao. Nilimdanganya mama yangu akiwa anakufa, Nanzala. Kwa sababu yako."

Magoti yangu yalikuwa yameanza kuwaka moto. Pumzi ikaja, tayari na hesabu yake, kama mtumishi anayekimbia na mwavuli. Nne. Nikaikataa. Nikaacha kuhesabu. Ilikuwa ngumu kuliko mkao wowote niliowahi kufanya, kwa sababu nilikuwa nimezoea kukaa na maumivu huku nimeyafungia mlango, na sasa nilikuwa nimekaa nayo mlango ukiwa wazi. Nilitamani kujitetea. Nilitamani kuhamisha uzito kutoka goti moja hadi lingine. Sikufanya lolote kati ya hayo.

"Endelea, Senje," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Akaendelea. Aliniambia kuhusu mashine ya hewa na jirani wa kitanda cha pili aliyekuwa akiimba tenzi. Aliniambia kwamba Jumamosi alfajiri Kukhu hakuuliza tena saa, na hapo ndipo yeye Senje alijua. Aliniambia walivyonisubiri wiki nzima, walivyotuma mtu hadi mlango wangu Nairobi, walivyobishana kama waahirishe, na jinsi padri alivyosoma majina ya wajukuu, akafika kwa langu, akanyamaza, kisha akaendelea na lililofuata. Alizungumza hadi jua likahamia upande wa pili wa ua. Vyombo vilikwisha. Alikuwa analia muda wote huo, machozi yakitiririka bila sauti, na hakuyafuta.

Mimi sikulia. Nilitetemeka, meno yakagongana, lakini machozi hayakuja. Alipomaliza, alinitazama tena kama alivyonitazama getini.

"Umekaa," alisema. Halikuwa jambo la kunisifu. Alikuwa ameona kitu, akakitaja. Kisha akasimama, akashika kiuno, akaenda kukama ng'ombe.

Jumatano, saa mbili asubuhi. Walipanga viti uani. Mwenye wembe alikuwa mjane mmoja wa jirani, mwanamke mwembamba mwenye mkono usiotetemeka. Mimi ndiye niliyechemsha maji na kuyaleta. Senje alikaa wa kwanza. Nywele zake za mvi zilianguka kwenye nyasi zile za njano, na kichwa chake kikatokea kidogo na kitupu kama cha mtoto. Kisha wadogo zake. Kisha wajukuu.

Shikuku alipoketi, mjane aliutazama upara wake, akautazama wembe.

"Hapa mimi nifanye nini?"

"Pitisha tu, Mama," alisema Shikuku. "Kichwa changu kilianza kuomboleza mapema. Kilijua."

Wote wakacheka, hata Senje, na katika kicheko hicho nilisogea nikaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi. Nikafungua kilemba. Mjane akachovya wembe majini, akaweka mkono juu ya kichwa changu. Ulikuwa na joto. Kisha akamtazama Senje.

Kicheko kilikwisha chenyewe.

"Huyo bado," alisema Senje.

"Senje," nikasema.

"Wewe bado hujafiwa. Ukinyolewa leo ni nywele tu zimekatwa. Hata saluni wanakata." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mwaka ukiisha kuna makumbusho yake. Ukiwa umefiwa, njoo. Nitakusikia ukiwa barabarani."

Mjane akaondoa mkono. Nikafunga kilemba changu, fundo likakataa mara mbili. Nikainuka ili mwingine aketi.

Alhamisi asubuhi niliaga. Hakuna aliyenisindikiza hadi barabarani, lakini nilipofika getini Senje aliniita nyuma. Nilirudi mbio. Alikuwa ameshika vikombe vitatu.

"Pitisha hivi kwa Ayuma. Mwambie asante, na mwambie kimoja kimepasuka mkono, tutamlipia."

Nilivibeba kwa mikono miwili. Mama Ayuma, aliyehamia hapo nikiwa tayari Nairobi, alikuwa akianika mahindi. Alivipokea, akavigeuza, akaona rangi yake ya waridi.

"Na wewe ni nani kwao?"

"Mimi ni mjukuu wake."

"Yupi? Wote niliwaona." Akafikiri. "Labda yule ambaye hakuja."

"Ndiye mimi, Mama."

Akaviweka vikombe chini. Kisha akasema nikae ninywe uji, nikakaa, nikanywa.

Ijumaa, Nairobi. Mtu akisafiri huulizwa amejifunza nini, nanyi mnaonisoma mnanidai jibu la kweli. Sitaki kuilaumu yoga. Ilinifundisha kukaa, na alasiri ile juu ya turubai hakuna kitu kingine kilichonisaidia. Bila yale mazoea ya magoti ningeinuka baada ya tiki mbili za buluu, ningelia kwa hasira, ningeulaumu mtandao. Lakini mimi nilikuwa nimechukua nusu ya somo, ile inayopendeza. Nilijifunza kutulia kabla sijajifunza kuumia, na nikaufanya utulivu kuwa chumba ambacho watu wangu hawakuweza kubisha wakasikika. Mwalimu alisema tuyapeleke ya mkekani nyumbani. Sikuwahi kujiuliza kama ya nyumbani nayo yanaweza kuja mkekani.

Jioni nilikwenda darasani. Tulifanya mikao yote. Mwishoni tukalala chali, taa ikapunguzwa, mwalimu akaanza kutuhesabia pumzi kwa sauti yake laini. Sikuifuata. Niliiacha pumzi yangu iende inavyotaka, nayo ikaenda ovyo, ikakwama, ikarudi na mlio mbaya ambao sikuutambua kuwa wangu. Mikeka ya jirani ikasogea. Mwalimu akanyamaza. Msichana wa kushoto, ambaye hatujawahi kujuana majina, aliinuka kwa kiwiko akanong'ona, "Dada, uko sawa?"

"Hapana," nikasema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Nimefiwa na nyanya yangu."